Andika nadharia tete kabla ya kuvuna
Mwanafunzi anayelinganisha, tuseme, mbegu mpya ya viazi mviringo na ile ya zamani huko Uyole au Njombe, aandike nadharia tete sifuri, yaani kwamba mavuno ya mbegu hizo hayatofautiani, pamoja na kiwango cha kuikataa, yaani uwezekano ambao matokeo yakiwa chini yake ataikataa, ambacho kwa mazoea ni 0.05, kabla jembe halijagusa tuta. Chukua jozi 10 za vipande vya shamba, kila jozi ikiwa na kipande kimoja cha mbegu mpya na kimoja cha ile ya zamani. Mbegu mpya ikishinda katika jozi 8, wengi watashangilia mapema. Lakini ikiwa mbegu hazitofautiani, kila jozi ni kama kurusha shilingi, na uwezekano wa kupata 8 kwa 2 au zaidi, kwa upande wowote, ni 112 kati ya 1,024, takriban 0.11, ambao hautoshi kuikataa. Jozi 9 zingetoa 22 kati ya 1,024, yaani 0.021, na hapo ungeikataa. Namba hiyo (wanafunzi wengi hujikwaa hapa) si uwezekano kwamba nadharia tete ni kweli, bali ni uwezekano wa kupata matokeo ya namna hiyo endapo ni kweli. Kushindwa kuikataa nako hakuithibitishi. Pengine vipande vilikuwa vichache mno.