Mtoto mwenye aleji ya karanga akianza shule Dodoma

Mnaorudi nyumbani na mtoto mwenye aleji ya karanga, jueni mapema kwamba mnampeleka kwenye kitovu cha karanga. Dodoma zinalimwa, zinakaangwa na kuuzwa barabarani kwenye vifuko, zinatwangwa na kuunga mlenda na mboga za majani, zinasagwa pamoja na mahindi, soya na ulezi kuwa unga wa lishe. Uji wa saa nne shuleni mara nyingi ni wa unga huohuo. Mtoto aliyekulia Leicester au Minneapolis, ambako pakiti lazima iandikwe kilichomo, hapa anapewa kikombe kisicho na maandishi yoyote.

Sisi tulirudi kutoka Uingereza binti yangu akiwa darasa la pili. Nilikwenda shuleni na barua ya daktari, kurasa tatu za Kiingereza. Mwalimu mkuu aliipokea kwa heshima, akaiweka kwenye faili. Wiki ya pili nikapigiwa simu: mtoto anatapika, midomo imevimba, sauti imekauka. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini barua ilikuwa bado kwenye faili, na mpishi hakuwahi kusikia habari zake. Tangu siku hiyo namwambia kila mzazi: ukishasalimia ofisini, nenda jikoni.

Nilimwamkia mama mpishi, nikakalia ndoo iliyopinduliwa, nikamuuliza anapika nini siku gani. Akaniambia bila kuficha, "Sasa mama, mboga bila karanga ladha itatoka wapi?" Hakuwa na nia mbaya. Neno "aleji" kwake lilikuwa mafua ya vumbi na mwasho wa ngozi, mambo ambayo mtu huvumilia. Nikaliacha neno hilo. Nikamwambia, "Mwanangu akila karanga, hata zile chache zilizogandia kwenye upawa, koo linaziba. Anaweza kufa hatujafika hospitali." Akaweka mwiko chini, akaniangalia. Mpango tunaoutumia ni wake yeye: mboga inaiva kwa nyanya na kitunguu, ya binti yangu inapakuliwa kwanza kwa upawa wenye kitambaa chekundu kwenye mpini, ndipo karanga zinaingia sufuriani. Anakula mboga ya wenzake, amekaa na wenzake. Kumtenga mtoto kwenye kona yake peke yake ni rahisi kwa shule, ila yeye anaonekana kama mwenye ugonjwa wa kuambukiza.

Uji ulitusumbua zaidi. Mashine ya kusaga ni moja kwa mtaa mzima. Akitoka mwenye unga wa lishe anaingia wewe na ulezi wako, na mabaki ya mwenzako yanatoka na unga wako. Kwa hiyo unga ambao hukuutia karanga unaweza kuwa nazo. Binti yangu anabeba uji wa nyumbani kwenye chupa ya chai, anamiminiwa kwenye kikombe kama cha wengine. Wa aleji ya samaki naye aulizie, maana wapo wanaochanganya dagaa kwenye unga wa lishe. Wa nyuki aangalie miti ya uwanjani.

Kuhusu dawa. Uingereza, tangu Oktoba 2017, shule zinaruhusiwa kununua kalamu za adrenalini za akiba, yaani sindano za dharura zenye umbo la kalamu. Ukishazoea hivyo unasahau kwamba hapa kalamu itakayokuwepo ni uliyoileta wewe. Njoo na mbili au zaidi, kwenye begi la mkononi, pamoja na barua ya daktari. Joto la Oktoba na Novemba huvuka nyuzi 30, na chini ya bati huwa kali zaidi. Dawa haitakiwi kukaa kwenye joto hilo, wala kwenye friji, wala ndani ya gari. Iwekwe mahali penye kivuli ofisini, pasipofungwa kwa kufuli. Ufunguo ukiondoka na mwalimu aliyekwenda benki, ni sawa na kutokuwa na dawa. Kioevu kikibadilika rangi au kuwa na ukungu, badilisha.

Wafundishe walimu kwa kalamu ya mazoezi, si kwa maneno. Kama ni EpiPen, aina mojawapo ya kalamu hizo: kifuniko cha bluu kinatolewa, ncha ya rangi ya chungwa inakandamizwa pembeni mwa paja, hata juu ya sare, unahesabu tatu. Vidonge vya aleji havifunguli koo. Kumnywesha maziwa "kukata sumu", kama wengi wetu tulivyolelewa, ni kupoteza dakika. Mtoto alazwe, miguu iinuliwe. Kama anahema kwa shida akae, lakini asisimamishwe wala kutembezwa. Na asipakiwe kwenye bodaboda! Tafuta gari, abebwe. Asipopata nafuu baada ya dakika tano, kalamu ya pili. Hata akipata nafuu anakwenda hospitali, kwa sababu hali inaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Kabla shule haijafunguliwa, pita kituo cha afya cha karibu uulize kama adrenalini ipo na nani yuko zamu.

Kwetu kumkatalia mtu chakula ni kumkosea, na mtoto wa ugenini huona haya haraka. Tulimfundisha binti yangu sentensi moja: "Asante sana, karanga zinanidhuru." Darasa zima linanawa kwa sabuni baada ya kula, kwani vitakasa mikono haviondoi karanga. Rafiki yake wa dawati ndiye siku hizi anayeuliza kashata na keki zimetiwa nini, kabla yake.

Kama wewe umebaki huko na mtoto yuko kwa bibi, ongea na bibi mwenyewe. Atataka kumzoesha kidogo kidogo kwa upendo. Mwambie kuzoesha kupo, lakini ni kazi ya daktari bingwa, si ya jikoni.

Walimu huhamishwa, wapishi hubadilika. Januari hii mpishi alikuwa mwingine. Siku ya kufungua shule nilikuwa tena juu ya ndoo, mkononi nimeshika ule upawa wenye kitambaa chekundu.