Kabla hujalipia godoro la springi na sponji, lilalie hapo dukani

Ukienda kununua godoro mseto, lile lenye springi chini na sponji juu, usiridhike na kulibonyeza kwa kiganja. Kiganja hakina nyonga. Mwambie muuzaji atoe nailoni, vua viatu, kisha lala vile unavyolala kwako, dakika kumi hivi. Akinuna, maduka Nairobi hii ni mengi.

Wa kulala ubavu ndiye mwenye kazi zaidi. Bega na nyonga vinafaa kuzama kidogo ili uti wa mgongo ukae sawa, kwa hivyo mwombe uliyeandamana naye akutazame kutoka nyuma. Bega likianza kuuma au mkono kufa ganzi, hilo ni gumu mno kwako, hata kama limeandikwa "la mgongo". Wa chali apitishe mkono chini ya kiuno: ukipita bila kugusa kitu, godoro ni gumu; ukikwama kabisa, ni laini kupita kiasi. Wa kifudifudi atafute gumu kiasi, tumbo lisizame.

Mkiwa wawili, mmoja ajigeuze huku mwingine ametulia. Springi zilizovishwa kila moja kifuko chake hazipitishi mtikisiko sana.

Na kama sponji ya juu ni ile inayobaki na alama ya mkono, kumbuka baridi huifanya ngumu. Ukiijaribu Julai, ipe muda ipate joto la mwili kwanza.