Mtoto Akigundulika na Tatizo la Nyonga: Mwongozo kwa Wazazi wa Mtwara na Lindi

Daktari anapokunja mapaja ya mtoto mchanga, akayapanua taratibu kuelekea pembeni na kuhisi nyonga moja ikiteleza chini ya vidole vyake, maelezo anayompa mama huwa mafupi: kichwa cha mfupa wa paja hakijakaa sawasawa ndani ya kikombe cha nyonga. Katika umri huo sehemu kubwa ya kiungo hicho bado ni gegedu, yaani tishu laini ambayo haijawa mfupa, na kikombe hukua kwa kufuata umbo la kile kinachokaa ndani yake. Kichwa kikitulia mahali pake, kikombe huongezeka kina na kuwa duara. Kikikaa nje, kikombe hubaki bapa, na kila mwezi unaopita huifanya kazi ya kukirudisha kuwa ngumu zaidi. Mtoto mwenyewe haumwi, ananyonya na kucheka kama wenzake, na utulivu huo ndio unaowafanya wazazi wengi waahirishe matibabu.

Kabla hujatoka chumbani kwa daktari, uliza ni nyonga ipi (ya kushoto huathirika mara nyingi zaidi), kama imetoka kabisa au inalegea tu, na ni picha gani itakayothibitisha. Kwa mtoto wa chini ya miezi minne, ultrasaundi ndiyo inayofaa, kwa kuwa kichwa cha paja bado hakijawa mfupa wa kuonekana vizuri kwenye eksirei. Kati ya miezi minne na sita eksirei huanza kutoa jibu la kuaminika. Majibu yote yaandikwe kwenye kadi ya kliniki, kwa sababu katika safari ya matibabu utakutana na wahudumu wengi, na si kila mmoja wao atakuwa na muda wa kukusikiliza tangu mwanzo.

Ukifika nyumbani, utaulizwa ulifanya nini. Jibu ni kwamba hukufanya kitu. Tatizo hili huwapata zaidi watoto wa kike, wazaliwa wa kwanza, watoto waliokaa tumboni wakiwa wametanguliza matako, waliokuwa na maji machache ya uzazi, na wale ambao mzazi au ndugu yao alizaliwa nalo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotokana na mama kuinama shambani, kubeba ndoo ya maji au kugombana na mtu. Kitu pekee kilicho mikononi mwetu baada ya mtoto kuzaliwa ni namna ya kumfunika: kumviringisha kwa kitenge huku miguu imenyooshwa na kubanwa pamoja huisukuma nyonga nje, ilhali mbeleko, inayomweka mtoto mgongoni mapaja yakiwa yamekunjwa na kupanuka, hukisukuma kichwa cha paja ndani ya kikombe chake. Watafiti wamewahi kuihusisha desturi hiyo ya kubeba mgongoni na uchache wa tatizo hili katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara. Uchache huo, hata hivyo, una upande wake mbaya, kwani mhudumu ambaye hajawahi kuliona tatizo hawezi kulitafuta. Kwa hiyo, kama mwanao alitanguliza matako, mwombe mhudumu ampime nyonga kwenye hudhurio la chanjo ya wiki ya sita, ambalo kwa familia zinazomweka mzazi ndani arobaini huangukia siku mbili tu baada ya kutoka. Dalili ambazo hata mzazi anaweza kuziona ni mguu mmoja kuwa mfupi kuliko mwingine magoti yakikunjwa pamoja, paja moja kukataa kupanuka wakati wa kubadilisha nepi, na baadaye mtoto kuchechemea au kutembelea ncha ya mguu mmoja. Mikunjo ya mapaja isiyolingana pia hutajwa sana, ingawa watoto wengi wenye nyonga nzima wanayo.

Muda na fedha

Kusini kwetu mipango mikubwa ya familia husubiri korosho, nami nasema wazi kwamba jambo hili lisisubiri. Mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa Machi na kugundulika katikati ya Aprili atakuwa na miezi saba minada itakapoanza Oktoba, na mkanda laini wa kamba za kitambaa, unaoishikilia nyonga mahali pake na ambao ungemtibu Aprili, hutumika hasa kabla ya miezi sita. Baada ya hapo, njia ya kawaida ni kumpa mtoto nusukaputi, kuirudisha nyonga na kumfunga plasta ngumu kwa takriban miezi mitatu. Akifikisha mwaka mmoja na nusu bila tiba, mara nyingi huhitaji upasuaji wa kufungua kiungo, na pengine kukata na kupanga upya mfupa. Tatizo ni lile lile, lakini gharama na maumivu hupanda kila ngazi. Ni afadhali kukopa nauli Aprili kuliko kuuza magunia Oktoba kwa ajili ya upasuaji.

Kwa mkazi wa Newala, Tandahimba au Masasi, hatua ya kwanza ni kupata barua ya rufaa kutoka kituo cha karibu, kisha kuuliza kwa simu au kwa mtu aliyeko mjini ni siku gani daktari bingwa wa mifupa anaona wagonjwa, iwe katika hospitali ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo mjini Mtwara, iwe katika hospitali ya Ndanda. Walioko upande wa Lindi huanzia hospitali ya Sokoine au ya Nyangao. Ikilazimu kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, kutoka Mtwara mjini ni safari ya zaidi ya kilomita 500, na wenye kumbukumbu ya Mei 2024, barabara ilipokatika Somanga kwa mafuriko, wanajua kwamba miadi ya msimu wa mvua inahitaji siku za akiba. Sera ya afya inawaondolea watoto wa chini ya miaka mitano malipo katika vituo vya umma, lakini vifaa na nauli huweza kubaki juu yako. Muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, ukiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, badala ya kumtafuta siku ya kuruhusiwa. Mwenye bima aulize kama inagharimia mkanda wenyewe au kumwona daktari tu.

Kuishi na mkanda

Mkanda unaotumika sana ni ule unaoitwa kwa jina la Arnold Pavlik, daktari Mcheki wa karne ya 20, ambaye aliona kwamba kuirudisha nyonga kwa nguvu kunaiharibu, akatengeneza kamba za kitambaa zinazomwacha mtoto arushe miguu huku zikimzuia asiinyooshe kabisa wala kuifumba. Mtoto hukaa kama chura, magoti juu na mapaja wazi. Kwa kawaida huvaliwa mchana na usiku kwa wiki 6 hadi 12, na kwa watoto wengi wanaoanza mapema hutosha.

Anayeurekebisha mkanda ni daktari peke yake. Mwambie aweke alama ya kalamu ya wino mahali kila kamba inapofungwa, ili ikilegea kwa bahati mbaya uirudishe pale pale. Chini ya kamba mvalishe fulana nyepesi ya pamba na soksi ndefu, na nepi ipite ndani ya kamba. Wakati wa kumbadilisha usimnyanyue kwa kushika vifundo vya miguu, kama wengi wetu tulivyozoea. Pitisha kiganja chini ya matako na umwinue hapo. Kama hujaruhusiwa kuuvua, mwogeshe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, ukikausha vizuri shingoni, kwapani, kwenye kinena na nyuma ya magoti, maana katika joto la Mtwara lenye unyevu ngozi huchubuka haraka kuliko vitabu vya nchi za baridi vinavyodhani. Poda iache, kwani huganda na kuwa tope. Mlaze chali, na kwa nguo mvalishe gauni pana au mfunike kanga. Kuhusu mbeleko, muulize daktari aliyeufunga mkanda na umwoneshe kwa vitendo unavyombeba. Usidhani tu kwamba kwa kuwa mikao inafanana basi inaruhusiwa.

Mkanda wa binti yetu ulifunguliwa siku ya nne, na aliyeufungua alikuwa bibi yake, kwa huruma tupu, ili amkande kwa mafuta ya nazi na kumnyoosha viungo kama alivyowakanda watoto wote wa nyumba ile. Sikumjibu, maana mama mkwe hajibiwi, lakini kliniki iliyofuata nilimwomba tuende pamoja. Daktari alimpa shikamoo, akamkalisha na kumwonesha kwenye picha kichwa cha paja kilipo na kinapotakiwa kuwa. Tangu siku hiyo hakuna jirani aliyeruhusiwa kuigusa kamba hata moja. Mafuta ya nazi yaendelee mikononi na mgongoni. Kuvuta miguu ndiko kusikotakiwa. Vivyo hivyo, kwenye familia za Kimakonde, Kimakua na Kiyao ambako neno la mjomba lina uzito, mjomba apelekwe hospitali mapema, kabla hajaombwa kukubali upasuaji kwa simu.

Ukiona mtoto ameacha kurusha mguu mmoja au hanyooshi goti hata akitekenywa, rudi hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu huenda mshipa wa fahamu umebanwa. Miadi ya kila wiki moja au mbili nayo si ya kuongeza mistari kwenye kadi: kama baada ya wiki tatu au nne nyonga iliyotoka haijarudi, daktari huacha mkanda na kutumia njia nyingine, kwani kuendelea nao kunaweza kuharibu ukingo wa kikombe.

Kuishi na hogo

Mtoto aliyefungwa plasta kuanzia kifuani hadi miguuni, ambayo wengi wetu huiita hogo, anahitaji maandalizi ya nyumba kabla ya siku ya kufungwa. Plasta ya chokaa huchukua siku moja hadi mbili kukauka. Katika muda huo mgeuze mara kwa mara ukitumia viganja vilivyo wazi, si ncha za vidole, na usimweke karibu na moto. Nepi ndogo ichomekwe ndani ya uwazi wa plasta, kisha nyingine kubwa ifungwe juu yake, na zikaguliwe kila baada ya saa mbili au tatu, hata usiku, maana mkojo ukishapenya ndani hautoki tena. Kingo zifunikwe kwa utepe usiopitisha maji. Mlishe kidogo kidogo lakini mara nyingi, kwa sababu tumbo halina nafasi ya kutanuka. Akiwashwa, usiingize kijiti wala kijiko. Pepea kwa kipepeo au mweke penye upepo wa feni.

Asubuhi na jioni tazama vidole vya miguu. Vikiwa na rangi ya kijivu au buluu, vikivimba, vikiwa baridi au mtoto asipovichezesha, na vilevile mtoto akiwa na homa au plasta ikitoa harufu ya kitu kilichooza, usisubiri asubuhi. Kwa safari ya basi kata tiketi ya viti viwili, kwani miguu iliyopanuliwa haipiti kwenye kiti kimoja, na mjini panda bajaji badala ya bodaboda. Muuguzi wa chanjo aambiwe mapema kwamba mapaja yamefunikwa, ili achague mahali pengine pa kuchoma.

Mama anayembeba mtoto mwenye hogo ataumwa mgongo kabla ya mtu yeyote kumuuliza hali, kwa hiyo zamu ya baba ipangwe kwa saa zinazojulikana, si kwa maneno ya "nikiwa na nafasi". Mkeka wenye mito miwili chini ya mwembe humtosha mtoto kuona watu, kuku na wenzake wakicheza.

Mkanda au hogo ikitolewa, miguu itabaki imepanuka kwa siku kadhaa, na mtoto anaweza kulia kwa kukosa kile alichokizoea. Usiibane miguu wala kumsimamisha kwa lazima. Kutambaa na kutembea kunaweza kuchelewa kidogo. Eksirei za ufuatiliaji huendelea kwa miaka, mara nyingi hadi mifupa imalize kukua, kwa kuwa kikombe kilichopona kinaweza kusitasita katika ukuaji bila mtoto kuchechemea. Hifadhi picha zote kwenye bahasha ngumu ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na paa linalovuja, na nyuma ya kila moja andika tarehe na umri wa mtoto kwa miezi, kwa sababu daktari ajaye atataka kuzipanga kwa mfuatano kabla hajasema lolote.