Namna ya kuichambua 720,720 bila kalkuleta

Juzi kikoba chetu huku Tandika tulikuwa tunagawana, kwenye laini ya kikundi ikasoma 720,720, mhazini akataka kufungua kalkuleta nikamwambia mama subiri kwanza, hii namba inajieleza yenyewe. Nikachukua kalamu nikaandika kwenye boksi la sabuni, na ndo hivi nawaonyesha na nyie.

Kabla hujagawanya chochote iangalie ilivyoandikwa. 720 halafu 720 tena. Namba yoyote ya tarakimu tatu ukiirudia hivi ni sawa na kuizidisha kwa 1,001, sababu 720,000 ni 720 mara elfu moja, unaongeza na 720 nyingine moja, zinakuwa elfu na moja. Sasa hiyo 1,001 wengi wakiiona wanasema namba tasa, hapana jamani, ni 7 × 11 × 13. Mi hapa ndo napapenda kuliko pote. Mwambie mtoto aandike 358,358 au 941,941 au anayotaka yeye, hapo hapo mwambie inagawanyika kwa 7, kwa 11 na kwa 13 bila baki, halafu muache ahakikishe mwenyewe kwa kalamu, utaona macho yake.

720 iliyobaki ni kazi ndogo. Kata nusu: 360, 180, 90, 45, umekata mara nne, so 2 zipo nne. 45 ni 3 × 3 × 5. Unganisha zote unapata 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13.

Ukitaka kujua ina vigawo vingapi usianze kuviandika kimoja kimoja, utakesha. Chukua vipeo, zile namba ndogo za juu (isiyoandikwa juu ni 1), yaani 4, 2, 1, 1, 1, 1, kila kimoja ongeza 1 halafu zidisha: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Kwa nini uongeze 1? Kwa sababu ukiwa unatengeneza kigawo ile 2 unaweza usiichukue kabisa, au ukachukua moja, mbili, tatu au zote nne, hizo tayari ni njia tano, na 3 na wenzake hivyo hivyo. Namba zote ndogo kuliko hii hazifikishi vigawo 240, hata moja.

Na ndo namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila namba kuanzia 1 mpaka 16, ile KDS (kigawe kidogo cha shirika) tuliyosoma shule ya msingi. Mkiwa 13 kila mtu 55,440, mkiwa 16 ni 45,045. Sisi tuko 14, kila mmoja akarushiwa 51,480 yake kwenye simu, haikubaki hata shilingi.

Akija wa 17 inagoma, zinabaki 5, maana 17 ni tasa na humo ndani haimo. Ili naye apate izidishe yote kwa 17, inakuja 12,252,240, na hapo hata akiingia wa 18 huongezi kitu, 2 moja na 3 mbili anazozihitaji zilikuwemo toka mwanzo.