Kuulinda Mti Mchanga wa Mepo wa Kijapani Wakati wa Baridi Kali

Mti wa mepo wa Kijapani (Acer palmatum) uliokwisha kushika mizizi huvumilia baridi kali. Aina nyingi hustahimili hadi karibu nyuzi 28 chini ya sifuri, kwa kipimo cha Selsiasi. Mche wa mwaka wa kwanza hadi wa tatu ardhini hauna nguvu hiyo, kwa sababu gome lake ni jembamba, mizizi yake iko juujuu na matawi yake huchelewa kukomaa. Ukifa, mwenye bustani hulaumu baridi, lakini mara nyingi kilichouua ni kiu, jua la mchana lililopiga gome lililoganda, panya, au siku chache za joto zilizouamsha kabla ya wakati wake. Kwa hiyo usihangaike kuupasha mti joto. Uache ulale katika baridi isiyopanda na kushuka, na udongo wake usikauke.

Kazi huanza majira ya joto. Ikifika katikati ya majira hayo, acha kabisa mbolea ya naitrojeni. Mti uliolishwa kwa kuchelewa hutoa machipukizi laini ambayo hayawahi kukomaa kuwa mti mgumu kabla ya jalidi (baridi ya usiku inayogandisha umande) ya kwanza, na hayo ndiyo huwa meusi kuanzia nchani. Kupogoa mwishoni mwa majira ya joto huleta balaa lilelile, kwa kuwa kila tawi linalokatwa huamsha macho, yaani machipukizi yaliyofumba, yaliyo chini yake. Pogoa wakati mti umelala, baada ya baridi kali zaidi kupita.

Maji ni kinyume chake: usiyakate mapema. Majani yakishapukutika, wengi huweka mpira wa maji pembeni wakidhani mti hauhitaji kitu tena. Mti uliolala huendelea kupoteza maji kidogokidogo kupitia gome na macho, na udongo ukishaganda mizizi haiwezi kunyonya chochote. Mche wa kimo cha mita 1 upewe lita 15 hadi 20 kwa wiki kama mvua hainyeshi, yamwagwe taratibu kwenye eneo lote la mizizi, hadi ardhi ianze kuganda. Udongo wenye unyevu pia hupoa polepole kuliko mkavu. Lakini unyevu si tope. Kabla ya kupanda, chimba shimo la sentimita 30 na ulijaze maji. Yakiwa bado yamesimama asubuhi ya pili, panda juu ya tuta la sentimita 20 hadi 30, la sivyo mizizi itaoza au kukamatwa na barafu.

Mizizi ndiyo dhaifu kuliko yote

Matawi na mizizi ya mti mmoja havina uvumilivu sawa. Matawi yanaweza kupita salama usiku wa nyuzi 25 chini ya sifuri, lakini mizizi huanza kufa udongo wenyewe ukishuka hadi karibu nyuzi 10 chini ya sifuri, na ile michanga, myeupe, hufa mapema zaidi. Ardhini udongo haufiki huko kirahisi iwapo umefunikwa, ndiyo maana matandazo ni kinga ya kwanza.

Tandaza magome yaliyosagwa, vipande vya mbao, majani makavu au majani ya msonobari kwa unene wa sentimita 7 hadi 10, kuanzia sentimita 10 kutoka kwenye shina hadi angalau sentimita 60 kila upande. Usitumie nyasi mbichi, kwani hushikamana na kuzuia hewa. Usitandaze pia siku za mwanzo wa ubaridi. Subiri jalidi kadhaa zipite na uso wa udongo uanze kukakamaa. Ukifunika mapema, udongo hubaki na joto, mti huchelewa kulala, na panya wanaotafuta pa kuzaliana hupata nyumba tayari. Theluji ikianguka juu ya matandazo, iache hapo: inakinga mizizi vizuri kuliko chochote utakachonunua.

Udongo unaoganda usiku na kuyeyuka mchana huweza kuuinua mche mpya kutoka shimoni. Ukague kila theluji ikiyeyuka. Ukikuta mizizi imechungulia, ushindilie kwa viganja udongo ukiwa laini, kisha ufunike tena siku hiyohiyo, kwani mizizi iliyo wazi hukauka kwa saa chache tu za upepo.

Gome, upepo na meno ya panya

Jua la majira ya baridi hutua chini na kulipiga shina ubavuni. Katika nusu ya kaskazini ya dunia upande unaoumia ni wa kusini-magharibi, na katika nusu ya kusini ni wa kaskazini-magharibi. Seli za gome huamka kwa joto hilo, jua linazama, baridi inarudi ghafla, maji ndani ya seli yanaganda, na gome linapasuka kwa wima. Ufa huo huonekana baada ya miezi kadhaa, gome likianza kubanduka. Viringisha shina kwa utepe mweupe wa kukinga miti, ukianzia chini na kupanda hadi matawi ya kwanza, kila mzunguko ukifunika theluthi moja ya ule wa chini yake ili maji yasiingie. Rangi nyeusi haifai, maana huvuta joto. Utepe uondolewe mapema majira ya machipuko. Ukiachwa, unyevu na wadudu hujificha humo.

Panya wa shambani hutafuna gome chini ya theluji, mahali usipoona. Wakizunguka shina lote, sukari kutoka kwenye majani haitafika tena mizizini na mti umekwisha, hata kama utatoa majani msimu mmoja zaidi. Zungushia wavu wa waya wenye matundu ya milimita 6, uache nafasi ya sentimita 5 kati yake na gome, uuzike sentimita 5 hadi 8, na juu ufike sentimita 60. Kwenye theluji nyingi ongeza kimo, kwani sungura husimama juu yake na kutafuna matawi ambayo ulidhani hawayafikii.

Kwa upepo, chomeka vigingi vinne sentimita 30 kutoka ncha za matawi na uvizungushie gunia la katani, juu pakiwa wazi. Gunia lisiguse matawi. Likilowa na kuganda hung'ang'ania macho na kuyang'oa. Karatasi ya plastiki usiitumie kabisa: siku moja ya jua hugeuza ndani yake kuwa tanuri, macho yanavimba, na usiku unayaua.

Katika sehemu zenye baridi ya kupindukia, jaza majani makavu ndani ya kizuizi hicho. Miche mingi ya aina zenye majina imebebeshwa, yaani imeunganishwa, juu ya shina la mepo wa kawaida, na mahali pa kuungia pako karibu na udongo. Sehemu ya juu ikifa, kinachochipua chini yake ni mti mwingine wa majani ya kijani, si ule ulioununua. Ndiyo maana kiungo hicho kinastahili kufukiwa kwa majani makavu hata yakigusa shina, ila kwa masharti mawili: wavu wa panya uwepo, na majani yaondolewe mara tu baridi kali inapopungua.

Mti ulio kwenye chungu

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Mizizi ya chunguni hupigwa na baridi kutoka pande zote, na udongo mle unaweza kukaribia ubaridi wa hewa yenyewe baada ya siku chache. Kama una kiwanja, zika chungu hadi ukingoni na utandaze juu yake. Kama huna, kipeleke kwenye banda au gereji isiyopashwa joto, inayokaa kati ya nyuzi 5 chini ya sifuri na nyuzi 5 juu yake. Giza halina shida mti usipokuwa na majani. Sebuleni usiuingize: mti huu unahitaji wiki nyingi za baridi ili uchipue vizuri, na ukikaa ndani huamka mapema, machipukizi yakiwa marefu, membamba na dhaifu.

Kila baada ya wiki mbili au tatu ingiza kidole sentimita 3 kwenye udongo. Ukiwa mkavu upe maji kiasi cha kuulowesha, kisha uondoe sahani ya chini. Inua chungu kutoka kwenye saruji kwa vipande vya mbao. Chungu cha udongo wa kuchoma kisichopakwa vanishi hunywa maji, na maji hayo yakiganda hukipasua.

Machipuko: hatari ya mwisho

Majani yanayofunguka ni laini kiasi kwamba nyuzi 2 tu chini ya sifuri zaweza kuyababua. Usiku wa jalidi ukitabiriwa, funika mti kabla jua halijazama kwa shuka lililoshikiliwa na vigingi na kufika hadi chini, ili joto linalotoka ardhini linaswe ndani. Funua asubuhi hewa ikishapita sifuri. Matandazo pia yasiondolewe kwa haraka: udongo ukibaki baridi, mti huchelewa kuamka, na huko kuchelewa ni faida.

Majani yakiungua, usikate wala usitie mbolea. Yapo macho ya akiba yatakayochipua baada ya wiki chache. Kujua kilicho hai, kwangua gome kwa ukucha kuanzia nchani ukishuka: kijani chenye unyevu ni uhai, kahawia kikavu ni kifo. Kata mwanzoni mwa majira ya joto tu, juu kidogo ya jicho hai, kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti. Matawi yenye mabaka meusi hayasubiri. Mara nyingi ni bakteria wa Pseudomonas syringae, wanaoingia kwenye majeraha ya baridi. Kata sentimita 10 chini ya weusi, siku kavu, na usafishe mkasi baada ya kila mkato.

Ikiwa baridi ya kwenu hupita nyuzi 28 chini ya sifuri karibu kila mwaka, badala ya kupambana kila msimu panda mepo wa Korea, Acer pseudosieboldianum. Majani yake yanafanana sana na ya ndugu yake, hugeuka rangi ya chungwa na nyekundu, na hustahimili hadi karibu nyuzi 34 chini ya sifuri.