Boma la mawe ufukweni: anza na wimbi, bei ya lori baadaye

Tunapanga boma dogo la kukata mawimbi kwenye maji mafupi, mfano Kunduchi, Dar es Salaam.

Hatua ya 1: kina. Pima pale mguu wa boma utakapokaa, maji ya bamvua yakiwa yamejaa. Ukipima maji mafu umejidanganya. Wimbi huvunjika kimo chake kikikaribia 0.78 ya kina, hivyo mita 2 za maji huleta wimbi la mita 1.5 hivi. Ongeza nusu mita ya kina kwa bahari kupanda na mchanga kuchimbika: wimbi linakaribia mita 2.

Hatua ya 2: uzito wa jiwe. Tunatumia kanuni ya Hudson, inayokadiria uzito wa jiwe lisilosombwa na wimbi. Chukua tani za mita moja ya ujazo ya jiwe, zidisha kwa kimo cha wimbi kipeo cha tatu. Kisha gawa uzito huo wa mita ya ujazo ya jiwe kwa ule wa maji ya bahari (tani 1.025), toa 1, ipandishe kipeo cha tatu, uzidishe kwa mteremko na kwa K, namba ya jinsi mawe yanavyoshikana yakipigwa na wimbi. Jibu la kwanza gawa kwa la pili. Kwa mawe makali ya pembepembe na wimbi linalovunjika, K ni 2; mteremko wa 1:2 (kupanda mita 1 kwa kila mita 2 za ulalo) ni 2.

Tuchukulie jiwe gumu la tani 2.65 kwa mita ya ujazo, kama mawe ya machimbo ya Lugoba, Pwani. Wimbi la mita 1.5 linataka kilo 560; la mita 2, tani 1.3. Ile nusu mita imezidisha jiwe mara mbili na ushee!

Sasa jaribu jiwe la matumbawe la tani 2 kwa mita ya ujazo. Kwa wimbi lilelile la mita 1.5 utahitaji karibu tani 2 kila jiwe. Ukiletewa mawe ya bei poa, pima moja hewani, kisha likiwa limening'inizwa majini, ujue uzito wake kwa ujazo, ndipo ulipe.

Hatua ya 3: matabaka. Chini kabisa kitambaa cha kuchuja, mchanga usinyonywe. Kiini ni mawe ya machimbo yasiyochambuliwa. Hapo ndipo pesa huokolewa. Juu yake mawe ya kilo 130 hivi, sehemu ya kumi ya yale makubwa, kisha makubwa yenyewe safu mbili, unene kama mita 1.6. Mguu uchimbie chini ya mchanga. Ukichimbika, mteremko wote unafuata.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikiziba mianya kwa saruji si litakuwa imara zaidi?*
Hapana, ndugu yangu. Mianya ndiyo inayomeza nguvu ya wimbi. Ukiiziba, maji yaliyonaswa ndani yatasukuma mawe kutoka chini.

*Na jirani yangu wa upande wa pili?*
Boma likizuia mchanga unaosafiri na mkondo, ufukwe wake utaliwa. Huko Kunduchi mchanga ulishapungua kwa kuchimbwa mitoni. Kazungumze naye, na upate kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira, kabla ya lori la kwanza.