Dungu la Kukwea au Tandiko? Somo kwa Mwindaji wa Kuhamahama

Kila Septemba swali ni lile lile kwa Waswahili tunaowinda huku Michigan, Marekani: ninunue dungu la kukwea au tandiko? Msimu wa upinde unafunguliwa tarehe 1 Oktoba, bunduki zinaingia tarehe 15 Novemba, na mtu anataka kifaa cha kubeba mgongoni: asubuhi akae nacho juu ya mti, jioni ashuke nacho, kesho ahamie msitu mwingine. Ayala wa mkia mweupe (jina nimeliazima kwenye Zaburi ya 42, maana kulungu wa kwetu ni mnyama mwingine kabisa) akishakushtukia mahali pamoja mara mbili, atapita hapo usiku tu. Ndiyo maana tunahama.

Kwanza tuelewane maneno. Dungu unalijua, lile la kulindia mpunga usiliwe na ndege. Hili la kukwea ni la alumini, lina vipande viwili: cha juu unakalia, cha chini unakanyaga. Kila kipande kina waya mnene au mkanda unaozunguka shina. Unakaa kwenye cha juu, unainua cha chini kwa miguu, unasimama, unasogeza cha juu, unakaa tena. Kiwavi anavyopanda ukuta, ndivyo hivyo.

Tandiko halina kiti wala farasi. Ni kitambaa kigumu kinachoshika makalio na mapaja, kamba yake inatoka mbele na kushikwa na nyingine iliyofungwa mtini. Unaning'inia ukiutazama mti, miguu juu ya kibao kidogo. Kufika huko juu unatumia vipande vya ngazi, vitatu au vinne, unavyofunga kimoja kimoja ukipanda.

Hatua ya 1: Nenda msituni kabla ya kwenda dukani

Hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Dungu linachagua miti. Linataka shina lililonyooka, lisilo na matawi mpaka pale unapotaka kukaa, na kwa madungu mengi unene uwe kati ya sentimita 20 na 50. Ile misonobari myekundu iliyopandwa kwa mistari ni pepo ya dungu. Mialoni iliyosongamana nayo ni mizuri, kwa sababu mti unaogombea jua hurefuka bila matawi ya chini. Epuka hikori wa magamba, magome yake hubanduka chini ya meno ya dungu. Na mti wa gome laini, kama aspeni, ukishika barafu huteleza.

Mwaka wangu wa kwanza sikuyajua haya. Nilibeba dungu la kilo tisa na ushei, saa kumi na moja alfajiri, nikavuka kinamasi nikiwa na imani kwamba mti hautakosekana msituni. Nilichokuta ni mierezi iliyopinda, yenye matawi tangu magotini. Nikazunguka na kurunzi ya kichwani, chuma kikigonga chuma, jasho linanitiririka ndani ya koti, mpaka kukapambazuka. Mwishowe nikaketi juu ya gogo, dungu limeegemea pembeni yangu kama abiria aliyeachwa na basi. Ayala watatu wakapita ng'ambo, hawana hata haraka.

Tandiko lingepanda pale. Linakubali mti uliopinda, mwembamba kiasi, wenye matawi, maana ukifika kwenye tawi unafunga kamba ya pili juu yake ndipo unafungua ile ya chini. Matawi yenyewe yanakuficha.

Kipimo changu ni hiki. Tafuta sehemu kumi zenye alama: njia zilizokanyagwa, kinyesi, miti midogo iliyochubuliwa na pembe. Kila sehemu, simama ujiulize upepo utatoka wapi, halafu tafuta mti wa kukaa. Usisahau kwamba asubuhi kukipata joto hewa hupanda mlima, jioni ikipoa hushuka bondeni na harufu yako. Dungu likifaa sehemu saba au zaidi, nunua dungu. Likifaa tatu, usijidanganye.

Hatua ya 2: Pima mzigo wote

Watu husifia wepesi wa tandiko kwa kupima tandiko peke yake. Ongeza kibao, ngazi na kamba, utakuta umekaribia kilo sita au saba, wakati mwingine zaidi. Bado ni nafuu kuliko dungu, lakini si unyoya. Faida kubwa hasa ni umbo: dungu mgongoni hunasa kila kichaka. Kwa bei ni kinyume, tandiko na vikorokoro vyake vyote mara nyingi hulipita dungu.

Hatua ya 3: Sikiliza mwili wako

Unakaa muda gani? Mtu wa kukaa tangu alfajiri hadi magharibi na bunduki atalishukuru dungu. Lina kiti kweli, na mengi yana fremu mbele ya kuegemeza mtutu. Fremu hiyo hiyo humsumbua mwenye upinde, ncha ya chini hugonga.

Tandiko hubana nyonga, na magoti husugua gome usipovaa pedi. Linahitaji siku kadhaa za kuzoea. Ila ukizoea unazunguka mti karibu wote, na unaweka shina kati yako na mnyama anapokaribia.

Hatua ya 4: Jifunze ukiwa nusu mita kutoka ardhini

Methali inasema aliye juu mngoje chini. Familia yako isikungoje hivyo.

Vifaa vyote viwili, sheria ni moja: uwe umefungwa mtini tangu unyayo wa kwanza unapoondoka ardhini hadi unaporudi. Si "nikifika juu nitajifunga". Kupanda na kushuka ndiko kwenye hatari. Kwenye dungu vaa mikanda ya mwili mzima, kamba yake iwe juu ya kichwa na isilegee ukikaa. Mkanda wa kiunoni pekee usiuamini, ukianguka unakubana mbavu na pumzi. Kwenye ngazi za tandiko, tumia kamba ya kiunoni inayozunguka mti, kama fundi umeme juu ya nguzo, na ukifika juu funga kamba ya tandiko kwanza kabla ya kuifungua hiyo.

Mwenye dungu: funga vipande viwili pamoja kwa kamba. Cha chini kikikuponyoka miguuni bila kamba, utabaki juu ukikitazama majanini. Tena anza kupanda kibao cha kukanyaga kikiwa kimeinuka kidogo upande wa nje, mbali na mti, kwa sababu shina hupungua unene juu na upande huo hushuka. Kwenye mfuko wa juu weka kamba ya kitanzi ya kukanyagia: mtu aliyening'inia kwenye mikanda miguu ikiwa haina pa kukanyaga, damu hurudi kwa shida na dakika ni chache.

Upinde au bunduki (tupu, bila risasi) vuta kwa uzi baada ya kukaa. Fanya mazoezi haya yote uani mara kumi, mbili za mwisho gizani.

Hatua ya 5: Sheria

Kwenye ardhi ya umma hapa Michigan huruhusiwi kupigilia dungu kwa misumari wala skrubu, na kifaa kiwe na jina na anwani yako, au namba ya leseni yako ya udereva. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1960 au baadaye lazima awe amesoma kozi ya usalama. Majimbo mengine yana yake, soma kijitabu cha mwaka huu.

MASWALI YA WANACHAMA (kila mmoja kwa jina la mji wake hapa Michigan)

Grand Rapids: Kaka, habari ya kazi. Mimi nina kilo 120. Tandiko litanibeba?

Nzuri, ndugu yangu. Vifaa vingi vimeandikwa pauni 300, yaani kilo 136 hivi. Lakini vaa buti na koti, beba begi na upinde, ndipo upande mizani. Kisha soma lebo ya kila kipande, ngazi na kibao pia. Namba ndogo kuliko zote ndiyo yako.

Lansing: Shikamoo mwalimu. Mie naogopa kwenda juu, mikono hutetemeka. Nianze na kipi?

Marahaba dada. Hakuna aliyesema lazima ufike mita sita. Mita tatu kwenye mti wenye majani nyuma yako zinatosha kabisa. Wengi wenye woga hutulia kwenye tandiko kwa sababu kamba imekaza muda wote, unaihisi. Jaribu tandiko la mwenzako kabla ya kununua. Na kukaa chini nyuma ya kichaka nako ni kuwinda.

Kalamazoo: Nasikia tandiko lina upande mbovu. Upi?

Ukitumia mkono wa kulia, ni kuliani kwako, ambako ni vigumu kulenga. Kwa hiyo chagua mti na upande wa kufunga kamba ili njia ya wanyama iwe kushoto. Akitokea kulia, unazunguka taratibu, na ndiyo ile dakika ayala anapokuona.

Detroit: Fundo la prusiki linateleza kwenye kamba yangu mpya.

Prusiki ni fundo la uzi unaozungushwa kwenye kamba kuu: likilegea husogea, likivutwa hubana. Uzi wa fundo lazima uwe mwembamba kuliko kamba kuu. Ongeza mzunguko mmoja, lilaze vizuri, likaze. Likiendelea kuteleza usipande. Na kamba ya kufungia mizigo ya dukani si kamba ya kupandia.

Lansing tena: Jirani ananiuzia dungu la zamani, dola 80.

Pinda waya wake uangalie plastiki iliyoufunika. Ikiwa imepasuka, kutu iko ndani, mwachie jirani. Angalia viungo vya kuchomelea, boliti, kisha tafuta kama kiwanda kiliwahi kuliita lirudishwe. Mikanda ya mwili nunua mipya.

Flint: Mzee, wewe mwenyewe unatumia kipi?

Oktoba tandiko, kandokando ya kinamasi kile kile kilichoniaibisha. Kuanzia 15 Novemba navaa fulana yangu ya rangi ya chungwa, nachukua bunduki na dungu, naenda kwenye misonobari nikae kutwa. Mke wangu anasema gereji ni moja na madude ni mawili, na hapo sijapata jibu.